Chuo cha Godauni

Baba yangu hakuwahi kukitaja chuo chake kwa jina. Alisema "Chuo Kikuu" akaishia hapo. Mgeni akiuliza ni kipi, baba alimtazama juu ya miwani kwa muda, kisha akaendelea na mazungumzo yake bila kujibu. Kwake hakukuwa na kingine.

Tuliishi Kinondoni, katika nyumba ambayo baba aliijenga polepole kwa mshahara wa wizarani. Sebuleni, juu ya kabati la vyombo, ilitundikwa picha yake ya mahafali: kijana mwembamba wa Bukoba ndani ya joho linalomzidi mabega, hatabasamu. Wageni waliijua picha hiyo kabla hawajaletewa chai. Walijua pia kwamba padri alilitangaza jina lake kanisani, kwamba alikuwa peke yake kutoka shule yao, na kwamba kijiji kizima kilimsindikiza hadi stendi huku wanawake wakiimba. Chuoni alikuta mtumishi wa kumbadilishia shuka na mayai mezani kila asubuhi. Alipomaliza, kazi zilikuwa zinamsubiri yeye achague.

Nilipokuwa mdogo nilizipenda hadithi hizo kuliko za sungura. Nilipofika kidato cha sita zilianza kunikaba. Nilikuwa na akili ya kawaida na bidii ya kawaida, na nilitaka kusomea upimaji wa ardhi kwa sababu nilikulia mtaa ambao majirani waligombana kila mwaka juu ya ukuta uliosogea. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu, lakini si kwa kiwango cha Chuo Kikuu. Pointi hazikutosha.

Baba alizisoma, akakunja karatasi, akasema, "Utarudia mtihani."

"Sirudii, baba."

"Kuna aibu gani kurudia? Mwaka mmoja tu."

"Hakuna aibu. Ila nimefaulu. Kuna chuo kimefunguliwa huko Temeke, njia ya Chamazi. Wana upimaji. Wamenipokea."

Alivua miwani. "Wamekupokea," alisema taratibu. "Mwanangu, chuo kinachompokea kila anayebisha hodi si chuo. Ni stendi."

Mama, ambaye alikuwa anachambua mchele mlangoni, alisema tu kwamba stendi ndiko watu wanakoanzia safari. Mwezi uliofuata nilifungasha nguo zangu, nikaenda kukaa kwa shangazi yangu Mbagala, nikaanza masomo.

Chuo chenyewe kilikuwa godauni. Sitanii. Lilikuwa godauni la saruji ambalo mwenyewe alishindwa kuliendesha, wakalipanga walimu wachache waliotoka serikalini wakiwa na ndoto kubwa. Waligawa ndani kwa mbao na kuchora mistari ya maegesho nje, ingawa mwenye gari alikuwa mkuu wa chuo peke yake. Upepo ukivuma, vumbi la saruji lililobaki kwenye kenchi lilitushukia kichwani na kwenye madaftari. Tukitoka darasani tulikuwa weupe kama watu waliokesha kwenye mashine ya unga. Wakazi wa pale ndio waliotubatiza: chuo cha godauni. Jina lilisafiri haraka kuliko sisi. Lilifika Kinondoni kabla ya likizo yangu ya kwanza.

Krismasi ile ukoo ulikuwa umekusanyika kwetu. Baba mdogo, mdogo wake baba wa kufuatana, alikuwa mtu wa maneno, na watu walishazoea kumsubiri aseme ndipo wacheke. Nilimsalimia, "Shikamoo baba mdogo," akaitikia marahaba vizuri, akanishika bega mbele ya wote.

"Hebu tuambie, binti yetu," alisema. "Huko godauni mnahitimu, au mnapakiwa kwenye malori?"

Sebule nzima ilicheka. Binamu zangu walicheka, wake zao walicheka, hata mama mkwe wa mtu fulani ambaye sikumfahamu alicheka. Baba peke yake hakucheka. Aliangalia sahani yake, na hilo ndilo lililoniuma, maana kicheko ningekipuuza.

"Tunapima, baba mdogo," nilisema. "Nikimaliza nitakuja kupima na kile kiwanja chako, tujue mpaka unaishia wapi."

Wakacheka tena, safari hii upande wangu kidogo, kwa sababu kila mtu alijua baba mdogo ana ugomvi na jirani yake juu ya kiwanja hicho. Lakini nililala na ile hasira. Niliipenda. Niliamka nayo asubuhi nikaiona ingali nzima, nikajua itanifikisha mbali.

Darasani kwetu alikuwepo dada mmoja wa Newala, amenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, mama wa watoto watatu. Alikuwa karani kwenye ofisi ya ardhi ya wilaya, mwenye cheti tu, na chuo kilimpokea kwa njia ya watu wa vyeti waliokuwa kazini. Jioni alitoka ofisini, akapita kuwapikia watoto, akaja darasa la jioni ushungi umelowa jasho. Hesabu zilimshinda. Nasema zilimshinda kweli, maana watu hupenda kupamba habari za mtu kama yeye. Alikuwa anakaa na swali moja la pembe na umbali mpaka machozi yanamtoka, na mie niliyetoka kidato cha sita juzi nikimwelekeza kwa mara ya nne. Mwaka wa pili alifeli, akarudia mwaka. Nilidhani ataacha.

"Niache niende wapi?" aliniuliza. "Mdogo wangu, nimeshika mafaili ya viwanja vya watu tangu sijaolewa. Nataka na mie niwe naweka saini."

Kwa kuwa chuo hakikuwa na maabara, walimu walitutoa nje. Tulipima Chamazi wakati mashamba ya mihogo yanakatwa viwanja na kila dalali anauza kipande kimoja mara mbili. Tulipima Manzese, ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba hakuna pa kusimamisha miguu mitatu ya kifaa, na inabidi kwanza umwombe mwenye nyumba aanue nguo, kisha umsikilize habari za marehemu baba yake, ndipo akuonyeshe mpaka. Kifaa kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Tulikizunguka kwa zamu kama watu wanaosubiri bomba la maji.

Siku ya mahafali yangu baba alikuja. Alivaa suti yake ya kijivu na kukaa mstari wa mbele, mgongo wima. Sherehe ilifanyika chini ya turubai kwa sababu ndani hapakutosha. Nilipopita na joho langu la kukodi alipiga makofi, taratibu, kama anavyopiga mtu msibani akiombwa kuimba. Jioni, nyumbani, mgeni mmoja aliuliza binti amehitimu nini.

"Amemaliza kozi," baba alisema.

Kozi. Miaka yote ile, matope yote yale. Nilichukua picha yangu ya mahafali, nikatafuta msumari, nikaitundika juu ya kabati, bega kwa bega na yake.

Asubuhi niliikuta kwenye korido, karibu na mlango wa jikoni. Nikairudisha sebuleni. Kesho yake ilikuwa koridoni tena. Tulikula pamoja, tukasali pamoja, tukaangalia taarifa ya habari pamoja, na picha ikawa inatembea. Nilipohama nyumbani iliendelea kutembea kila nilipokuja kuwatembelea. Mwisho mama alichoka. Siku moja alipigilia msumari mkubwa juu ya kabati, akaweka picha yangu, akamwambia baba, "Hii ukiitoa tena, na ya kwako inahamia jikoni." Ikabaki.

Kazi sikupata. Niliitwa kwenye usaili, nikavaa vizuri, nikajibu maswali vizuri, na kila mahali tulifika kwenye swali lile lile. Chuo gani hicho? Kiko wapi? Katika ofisi moja ya mjini mzee mmoja wa jopo aliinama akamnong'oneza mwenzake, wakatabasamu wote wawili. Nilisimama kabla hawajaniambia asante. Nikawaambia kwamba nashukuru, nimeona mnachotafuta, na mie siko hapo kwa ajili hiyo. Hata nilipofika nje sikujuta.

Dada yangu wa Newala alipohitimu, mwaka mmoja baada yangu, tulifungua ofisi yetu Manzese. Chumba kimoja, nyuma ya mafundi wa mageti, kelele za kukata vyuma kutwa. Tulianza kupima viwanja vya watu wa kawaida ambao hakuna ofisi kubwa iliyowataka, kwa sababu ni vidogo, vimepinda, na vina ugomvi.

Kisha mambo yakageuka, na sidai kwamba tuliyaona yakija. Ukaja wakati wa kurasimisha makazi. Mitaa iliyojengwa bila ramani ikatakiwa ipimwe, watu wapate hati. Ghafla kila mtaa ulihitaji wapimaji, na watu waliofundishwa kupima kwenye mibanano ile walikuwa wengi kutoka kwetu, kwa sababu tu chuo chetu hakikuwa na mahali pengine pa kutufundishia. Kampuni zikaanza kuuliza vijana wa godauni wako wapi. Wazazi wakafuata walikoenda waajiri. Chuo kikanunua eneo Chamazi, kikajenga ghorofa, kikaweka geti lenye walinzi wenye sare. Neno godauni likapotea kwenye midomo ya watu. Maombi yakawa mengi kuliko nafasi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake chuo kile kikaanza kukataa watu.

Upande wa pili Chuo Kikuu cha baba nacho kilikuwa kinabadilika. Kilipanuka. Baba alialikwa kwenye mkutano wa wahitimu wa zamani, akaenda na suti ya kijivu, akarudi, akaketi sebuleni bila kuivua. Mama alipombana, alisema, "Wanalala kwa kubebana. Kitanda kimoja watu wawili. Foleni ya chakula mpaka nje." Halafu akaongeza: "Na darasa moja lina watu kama uwanja wa mpira."

Wiki hiyo hiyo tulipanda bajaji mie na yeye kwenda kliniki yake ya macho. Dereva alikuwa kijana mchangamfu. Aliposikia baba anataja Chuo Kikuu, alicheka.

"Mzee, pale siku hizi anaingia kila mtu. Braza wangu kamaliza pale, yuko home tu. Watu saa hizi wanataka kile cha Chamazi."

Miaka yote nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo bila kujua naisubiri. Nilidhani ikija nitafurahi. Nilimwona baba akigeuza uso kuangalia maduka, mkono wake umeshika bomba la bajaji, na nikapandwa na hasira ambayo sikuitegemea.

"Kaka," nilimwambia dereva, "chuo kumpokea kaka yako si kosa la chuo. Ukisema anaingia kila mtu, hao kila mtu ni nani? Si ni kaka yako?"

Akanitazama kwenye kioo. "Samahani sista. Nilikuwa napiga stori tu."

Kwenye benchi la kliniki baba alisema, "Sisi tulikuwa wachache. Uchache ule ndio uliokuwa heshima."

"Uchache haukuwa akili, baba. Kijijini kwenu hapakuwa na mwingine mwenye akili kama yako?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofanya akiulizwa swali la kweli. "Dada yangu," alisema. "Shangazi yako mkubwa. Alinizidi. Alinifundisha kugawanya. Lakini mashamba yalihitaji mtu." Muuguzi akaliita jina lake, akaingia ndani, na hatukulirudia jambo hilo. Nimelibeba mie.

Baba mdogo alikuja ofisini kwangu Manzese mwaka jana, saa za asubuhi, akiwa amevaa shati la kanisani. Hakuwahi kufika pale kabla. Aliangalia ramani ukutani, akamsifu dada yangu wa Newala kwa jinsi ofisi ilivyo safi, akakubali soda. Nilijua kuna neno.

"Binti yangu wa mwisho," alisema, "ameomba kule kwenu Chamazi. Wamemkataa. Pointi moja, mwanangu. Wewe kule unasikilizwa. Naomba ukaniongelee."

Nilimwangalia. Ule mkono uliokuwa kwenye bega langu Krismasi ile sasa ulikuwa umeshika soda, na ulikuwa umezeeka. Ningeweza kumuuliza kama anataka mwanawe apakiwe kwenye lori. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Dada yangu alinikanyaga mguu chini ya meza, maana hadithi hiyo nilishamsimulia mara nyingi.

"Baba mdogo, siendi kumwongelea mtu dirishani," nilisema. "Kuna mlango. Aanze stashahada, apande kutoka huko. Dada huyu alianza na cheti tu, akapanda hivyo hivyo."

"Stashahada?" Uso ulimshuka. "Watu watasema nini?"

"Watasema. Mie walisema, nikamaliza."

Hakuipenda. Aliondoka na kusahau kuaga vizuri. Lakini binti mwenyewe alinipigia simu siku ya pili, bila baba yake kujua, akauliza huo mlango uko wapi. Nilimwambia aje afanye kazi na sisi kwanza, ashike futi, aone kama upimaji anautaka au anakitaka chuo. Akaja na raba nyeupe. Jioni zilikuwa na rangi ya Manzese. Kesho yake alikuja na gambuti.

Sikujua kwamba mlango niliomwelekeza ulikuwa unapangwa kufungwa.

Chama cha wahitimu kilituita Jumamosi moja, asubuhi, kwenye ukumbi mpya wa Chamazi wenye viyoyozi. Nilikwenda na dada yangu. Mwenyekiti alikuwa mtu tuliyesoma naye, sasa ana kampuni kubwa, anaongea vizuri. Alitushukuru kwa kuja, akaonyesha picha za majengo, kisha akaleta hoja ambayo uongozi wa chuo ulitaka tuitolee maoni. Kuanzia udahili ujao, chuo kichukue waliotoka kidato cha sita wenye pointi za juu peke yao. Njia ya vyeti na stashahada ifungwe. Darasa la jioni lifungwe.

"Ndugu zangu," alisema, "jina la chuo linajengwa na wale unaowakataa. Vyuo vyote vikubwa duniani vinajulikana hivyo. Tukiendelea kupokea kila mtu, hadhi tuliyoipata itapotea."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Walikuwa watu ninaowajua. Nilikuwa nimewaona wakipangusa saruji kwenye nywele. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba niulize. Wewe uliingia chuo hiki kwa njia gani?"

Alicheka kidogo. "Dada yangu, wakati ule ulikuwa wakati ule. Chuo kilikuwa kinatafuta watu."

"Kilitafuta, kikatupata sie. Sasa tumepatikana, tunataka kisitafute tena?"

"Hatusemi kisitafute. Tunasema kitafute walio bora."

"Sie hatukuwa bora. Mie pointi hazikutosha. Wewe ulikuwa na cheti cha ufundi. Ubora tuliupatia humu, kwenye matope. Mkifunga, huo ubora mtaupokea umeshatengenezwa na watu wengine, ninyi mtabaki kugonga muhuri."

Mtu mmoja nyuma alisema tusiwe na hisia. Hapo dada yangu wa Newala alisimama. Hasimamagi mikutanoni. Alishika kiti cha mbele yake.

"Mie nilifeli mwaka wa pili," alisema. "Wengine mnakumbuka. Nikarudia. Walimu wale hawakuwa na jina la kulinda, wakanivumilia. Leo nina saini yangu kwenye ramani za mtaa mzima wa mtu aliyetikisa kichwa sasa hivi kuunga hoja hii, na ramani hazijakataliwa. Sina la zaidi." Akakaa.

Mwenyekiti alimshukuru kwa ushuhuda wake, kama mtu anavyoshukuru kwaya, akaita kura. Mikono ikanyooka. Iliyopinga ilikuwa michache, na mingi ya hiyo ilikuwa ya watu wa darasa la jioni. Hoja ikapita kupelekwa kwenye baraza la chuo.

Nikasimama tena. Nilikuwa na jambo moja lililobaki mikononi mwangu. Mwaka uliotangulia chuo kiliniomba picha yangu, wakaiweka kwenye bango kubwa barabarani, mie na kofia ya kazi, natabasamu, chini yake maneno kwamba na wewe unaweza. Nilikubali kwa furaha wakati ule.

"Basi naomba picha yangu kwenye bango ishushwe," nilisema.

"Hilo linahusiana vipi na ajenda?"

"Mnawaonyesha watoto wa watu mtu aliyepita mlango ambao mmeufunga leo. Siwezi kusimama juu ya nguzo nawachekea."

Mwenyekiti alisema watalifanyia kazi. Hawakulifanyia. Niliandika barua, nikapiga simu, nikaambiwa mhusika yuko safari. Nikaanza kwenda mwenyewe kila Jumatatu kukaa kwenye kiti cha wageni nje ya ofisi ya mahusiano, na kazi zangu mapajani. Walinipa maji. Walinipa kalenda. Jumatatu moja mhusika alitoka akaniuliza kwa upole kama sioni najiharibia, kwamba mtu mzima wa heshima yangu anagombana na chuo kilichomlea. Nikamwambia nagombana nacho kwa sababu hiyo hiyo. Bango lilishushwa kabla ya msimu wa maombi. Waliweka binti mwingine, mzuri, simjui.

Baraza la chuo lilifunga darasa la jioni. Njia ya stashahada hawakuifunga kabisa. Walibakiza nafasi chache, na naambiwa kulikuwa na mjumbe mmoja aliyesema kelele za Manzese zimefika. Sijui kama ni kweli. Napenda kuamini.

Nilikwenda kumsimulia baba. Sasa haoni vizuri, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliuliza waliopinga walikuwa akina nani, nikamweleza. Akauliza kama yule mama wa Newala alisimama kweli. Nikasema alisimama.

"Ungeniambia mapema ningekuja," alisema.

"Ungekuja kufanya nini, baba? Ungeunga mkono hoja."

"Labda," alisema. Hakutania. "Labda ningeiunga. Mie nimezeeka na fikra zangu. Lakini ningekuja nikusikie."

Sikutaka zaidi ya hapo. Hatujakubaliana mpaka leo, na kila nikimtembelea tunabishana tena, yeye na mayai yake ya asubuhi, mie na vumbi langu, mpaka mama anatufukuza tukale.

Binti wa baba mdogo hakupata hata moja ya zile nafasi chache zilizobaki Chamazi. Ameanza stashahada kwenye chuo kingine, kipya, kilichopanga ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi huko Mbagala. Hakina jina la kutajika. Ngazi zake ni za chuma na zinalia watu wakipanda. Walimu ni wachache, kwa hiyo waliponiomba nilikubali, na dada yangu wa Newala naye akakubali. Jumanne na Alhamisi, watu wakitoka kazini, nafundisha pale darasa la jioni: makarani, mafundi, mama mmoja anayeuza vitenge mchana, vijana wa pointi zisizotosha. Wengine watafeli. Wengine watarudia, na nitawarudia.

Mwenyekiti wa chama alinipigia simu kuniuliza kwa nini najishushia hadhi. Nilimwambia asubiri kidogo, kuna mwanafunzi ananiuliza swali. Nikaweka simu mezani, nikaenda kulijibu, na niliporudi alikuwa ameshakata.